Chombo Kilichorefuka Njiani

Shauri la Kamati ya Kudumu ya Urefu wa Vyombo Vinavyogusa Maji, Kifungu cha Kwanza na cha Pekee. Hilo ndilo jina lake rasmi, wanangu. Sisi wengine tuliyaita mashindano ya vyombo vya tanga.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na kamati, ziwa lilifurika. Kisiwa kimoja tu kilibaki kikavu, ikaamuliwa kwamba atakayekifikia kwanza kwa tanga atahamia huko na jamaa zake. Bi Kindi alikuwa na watoto wachanga, na maji yalikwisha kufika kitandani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kiboko.

"Chombo kirefu hukimbia kuliko kifupi," alisema. "Kwa hiyo, kwa ajili ya haki, urefu wa chombo pale kinapogusa maji usimzidi Mamba."

Mamba ndiye aliyekuwa rula ya serikali. Na chombo cha Bwana Kiboko, kwa bahati, kilikuwa sawasawa na Mamba, kutoka pua hadi ncha ya mkia.

Bi Kindi akaleta chombo chembamba, kilichopinda kama kipande cha tikiti: mbele kimeinuka, nyuma kimeinuka, tumbo tu ndilo lililo majini. Chini yake alikuwa amefunga jiwe zito.

"Hicho ni chombo au kijiko?" Kiboko akauliza.

"Chochote kile, Mwenyekiti. Naomba kipimwe."

Mamba akajilaza kando yake, akajinyoosha. "Kinaniishia kwapani. Kifupi mno, mama."

"Umepima panapogusa maji?"

"Ndivyo kifungu kinavyosema."

"Kikiwa kimetulia?"

"Kimetulia, kimesimama wima. Siwezi kupima kitu kinachokimbia, mgongo unanisumbua."

Wakaanza. Vuuu, upepo ukaja wa ubavuni. Chombo cha Kiboko, kipana kama kitanda cha harusi, hakikuinama hata kidogo. Kilisukuma kilima cha maji mbele yake, bwa, bwa, kikashindwa kukipanda kilima hicho hicho.

Cha Bi Kindi kililala ubavu. Jiwe likakizuia kisipinduke. Zile ncha mbili zilizokuwa hewani zikaingia majini, na sasa chombo kilikuwa kirefu kuliko Mamba na jirani yake. Kikateleza, shwaaa.

"Mamba, kile kimerefuka," Kiboko akamngurumia Mamba, aliyekuwa akiogelea kando yao.

"Nakiona, Mwenyekiti."

"Basi kipime."

"Kikitulia, Mwenyekiti. Kifungu ni chako."

Kisiwani Bi Kindi akashusha tanga, chombo kikasimama wima. Mamba akapima. Kwapani tena.

Kiboko alifika akihema. "Ulijuaje?"

"Wewe ulikitazama kikiwa kimesimama, Mwenyekiti. Mimi nilikitazama kikitembea."

Basi wanangu, mkitaka kukijua kitu, kipimeni kikiwa kazini.

Kamati ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Kilichotokea ni hiki tu: Bi Kindi na wanawe walihamia kisiwani, na Bwana Kiboko akabaki majini, ambako, kwa kweli, hakuwahi kuwa na shida yoyote.