Ukingo wa Kikapu cha Bi Sikujua

Nawaletea kesi ambayo haina fomu yake, kwa hiyo hakuna ofisi itakayoipokea. Itabidi muiamue ninyi.

Palikuwa na watu watatu pale Iringa, kila mmoja na kipaji chake. Eresiana Mdemu alipika kande ambazo hata mgonjwa aliyegoma kula angeomba kuongezewa. Luhwago Nyalusi, dereva wa bajaji, aliijua kila njia ya mji ule, na mgongo wake haukujua kuchoka. Fulko Msigwa alikuwa mtangazaji wa mpira mpaka redio yake ilipofungwa. Akikutangazia mechi, uliona hata soksi za kipa. Hawakufahamiana. Walikutanishwa na benchi la ofisi moja ya vyeti, na kila mmoja alikuwa amekuja kwa mara ya nne.

Kwenye benchi hilohilo alikaa Bi Sikujua Kihwele, msukaji wa vikapu, ambaye macho yake yalikuwa yanazimika. Hospitali walishamwambia hakuna la kufanya. Zimebaki siku za kuona, si miezi. Alikuja kuomba cheti cha upofu. Karani akamnyooshea vidole mbele ya uso.

"Vingapi?"

"Viwili. Au kimoja kinene."

"Basi bado unaona, mama. Sisi tunathibitisha vipofu. Ukishapofuka kabisa, rudi na fomu hii. Soma masharti huku nyuma, yale maandishi madogo, ndipo usaini."

Kisha mtandao ukakatika, na saa nne asubuhi ofisi ikafungwa. Bi Sikujua hakuinuka. Alikuwa amepakata kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, ambacho ukingo wake haujafungwa.

"Hiki ndicho cha mwisho," aliwaambia wenzake wa benchi. "Mimi sifungi ukingo mpaka nimjue mwenye kikapu, maana pale ndipo ninaposuka alama yake. Na alama ni moja, sijawahi kusuka mbili. Nilitaka niuone mji wangu mara moja tu kutoka juu ya jiwe la Gangilonga. Atakayenionyesha, kikapu ni chake. Lakini basi, wanangu. Siku ya pili hii sijala, na miguu imenikatalia."

Eresiana akamshika mkono mpaka kwenye kibanda chake cha chakula, nyuma ya ofisi.

"Sili," alisema Bi Sikujua.

"Bibi, hata kufa njaa kunahitaji cheti, na mtandao haupo. Fungua mdomo."

Akala sahani moja, akala ya pili, akauliza kama kande zimekwisha. Akasimama mwenyewe.

Luhwago akawapakia wote watatu. Akawapitisha sokoni, wakala mahindi ya kuchoma. Akawapitisha mtaa alikozaliwa Bi Sikujua, ambako alitukana kwa furaha nyumba ya jirani aliyekufa zamani. Walicheka njia nzima kama watu waliosoma darasa moja. Chini ya jiwe bajaji ikagoma. Luhwago akainama, akambeba bibi mgongoni, akapanda.

"Mzito, mwanangu?"

"Nimeshabeba magunia ya viazi, Bibi. Ila hayo yalikuwa hayaongei."

Wakafika juu. Hapakuwa na mji. Ukungu ulikuwa umeufunika wote, mweupe, mzito, kutoka miguuni mwao mpaka mwisho wa dunia. Eresiana na Luhwago wakatazamana.

"Weupe mtupu," alisema Bi Sikujua, na sauti yake ikavunjika. "Kumbe macho yamekwisha tayari."

Fulko akakohoa. "Bado, mama. Jua linakumulika usoni tu. Tazama kushoto: paa jekundu, la pili lina kutu. Umeliona? Njoo katikati, soko lile, mwanamke mwenye kitenge cha njano anapita, anampita mwenye mkokoteni, anageuka..."

"Anageuka!" alipiga kelele Bi Sikujua. "Namwona! Na kule barabara inashuka mtoni!"

"Inashuka, mama."

Alitazama ukungu ule nusu saa, machozi yakimtoka, akiwaonyesha wenzake watoto wanaocheza kule chini. Kisha akaketi juu ya jiwe, akachomoa sindano.

"Haya, semeni upesi, milulu yenyewe siioni vizuri. Nisuke alama ya nani?"

"Bila kande zangu ungekuwa bado kwenye benchi," alisema Eresiana.

"Kande ndizo zilizopanda jiwe?" aliuliza Luhwago.

"Wewe ungebeba maiti!"

Bi Sikujua akacheka. "Na wewe Fulko, mbona kimya? Ahsante kwa kunitajia, lakini kuona nimeona kwa macho yangu mwenyewe."

Fulko akautazama ukungu. Wenzake wakatazama viatu vyao. Mtu pekee aliyeweza kumdai kikapu kile kwa haki ya kumwonyesha mji angelazimika kwanza kumnyang'anya mji huo. Wala hapakuwa na siku nyingine. Ukungu ulikuwa haujapungua hata kidogo, na sindano ilikuwa inapapasa ukingo, inaukosa, inapapasa tena.

Basi ninyi mnaonisikiliza, kati ya mpishi, mbebaji na mtangazaji, kikapu ni cha nani? Na ukisema ni cha Fulko, bibi akikuuliza kwa nini, wewe utamjibu nini?