Nyanzala, Mkunga wa Warina Asali

Mkomba mzinga huhamwa na nyuki. Maneno hayo mjomba wenu amemwambia dada yenu Milembe asubuhi hii, alipomkuta anahangaika na simu za zahanati anakofanya kazi ilhali amekuja kwetu likizo, nanyi mkacheka kwa kuwa hamkuelewa. Sasa mmenijia mnataka kujua yametoka wapi. Vema. Kaeni mnisaidie kuchambua maharage haya, maana hadithi ya bure haikai kichwani. Na wewe, mume wangu mdogo usiye na meno ya mbele, sogea karibu na mkeo. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, huko Itobola, watu walikuwa warina asali. Msitu ulianzia nyuma ya nyumba zao, na kila mwanamume alikuwa na mizinga yake juu ya miti. Walikuwa na mwiko mmoja ambao mtoto aliujua kabla hajajua kujifunga nguo: ukirina, waachie nyuki masega. Nyuki nao wana watoto, na kiangazi ni kirefu. Aliyekomba mzinga wote kwa tamaa alirudi msimu uliofuata akakuta buibui. Watu hawakumtoza kitu. Walimcheka tu, na kuchekwa na watu wa Itobola ilikuwa adhabu tosha.

Kijiji hicho kilikuwa na mkunga mmoja, Nyanzala, mke wa Kapela. Alikuwa mwanamke wa kicheko, mwenye mikono mikubwa yenye joto. Mtoto akizaliwa, Nyanzala alipiga kigelegele mpaka wanaume huko msituni wakaulizana, "Leo ni kwa nani?" Mimi sikumwona, lakini nampenda tangu niliposimuliwa habari zake.

Kusema hapana alikuwa hakujui. Walimwita kwa uzazi, kisha kwa homa, kisha kwa mtoto anayekataa ziwa, kisha kwa mume na mke waliorushiana vyungu. Hata kuku aliyegoma kuatamia alipelekwa kwa Nyanzala. Hawakumfanyia hivyo kwa ubaya. Walimpenda, na hapo ndipo penye shida, wajukuu zangu, kwa sababu mtu asiyependwa hupata nafasi nyingi ya kulala.

Kwanza kicheko kilipungua. Kisha akaanza kugombana na mbuzi. Akawa anatia chumvi mboga mara mbili, anakula na haoni tofauti. Alilala akiwa amechoka na kuamka akiwa amechoka zaidi. Watu waliona, ila kila mmoja alijitafutia sababu yake. Wengine walisema anazeeka, wengine wakasema sifa zimempanda kichwani. Kapela naye aliona, akanyamaza, maana ugali wake ulikuwa bado unakuja kwa wakati.

Ndipo binti mmoja aitwaye Sinda akajifungua mtoto wa kiume, salama kabisa. Waliokuwa nje walingoja kigelegele wakachoka. Nyanzala alikata kitovu, akamkabidhi bibi yake Sinda kichanga, akanawa mikono na kuondoka bila hata kumtazama mtoto usoni.

Kapela aliporudi kutoka msituni alimkuta anafunga furushi.

"Unakwenda wapi, Mama Kalunde?" aliuliza. Kalunde ni binti yao, aliyekuwa ameolewa mbali.

"Kwa kaka yangu. Na sirudi."

"Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Angekuwepo ningemtukana nikapoa." Nyanzala aliketi juu ya kitanda. "Leo yule binti alipolia kwa uchungu, sikumwonea huruma. Nilimwona ananichelewesha tu. Baba Kalunde, mkunga akifika hapo, siku moja atapoteza mtu. Naogopa mikono yangu mwenyewe."

Kapela alishtuka, lakini mazoea yana taabu. "Umechoka tu, mke wangu," alisema. "Hebu tupikie kwanza, tukishakula tutazungumza."

Nyanzala alimtazama.

"Nyuki wako unawaachia asali," alisema. "Mimi mmeniachia nini?"

Kapela alitoka akawasha moto mwenyewe, akasonga ugali uliojaa madonge, akamletea. Nyanzala aliula hivyo hivyo, kisha akajinyoosha na kulala hapo hapo, kichwa juu ya furushi. Kapela akachukua kigoda chake akaketi mlangoni.

Habari hazina miguu lakini hufika. Jua halijapinda sana, uwanja ulikuwa umejaa watu. Mbele alikuwa mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji, akichechemea kwa mwiba uliomchoma kisiginoni.

"Kapela, tumesikia mkunga anahama. Mwamshe tumsihi asituache."

"Mnataka nimwamshe ili mumwambie asichoke?"

"Tuna shida naye, ndugu yangu. Atatusaidia nani?"

Kapela alisimama. Hakuwa msemaji.

"Ninyi nyote ni warina asali. Nani kati yenu hukomba mzinga mpaka ukabaki mtupu?"

Wote walitikisa vichwa kukataa.

"Basi huyu tumemkomba. Na wa kwanza ni mimi, niliyekuwa nakula naye kila siku. Mkomba mzinga huhamwa na nyuki. Akiondoka, msimseme yeye."

Bibi yake Sinda, mwanamke mzee aliyepokea kile kichanga, ndiye aliyeuliza, "Sasa tumwachie nini?"

"Sijui," Kapela alisema. "Akiamka mwenyewe, muulizeni."

Wakaketi kungoja. Mwanangwa naye, kwa kukosa la kufanya, akautoa mwiba wake kwa mkono wake, akashangaa kuona kumbe anaweza.

Nyanzala alipotoka alidhani kuna msiba. Walimwuliza wamwachie nini, naye kwanza akalia, maana tangu aanze ukunga hakuwahi kuulizwa. Kisha akasema. Akitoka kuzalisha, aachwe alale mpaka ashibe usingizi. Vihoma na magomvi yapelekwe kwa bibi zao, ambao hawakuzaa bure. Na wapatikane wanawake wa kutembea naye wajifunze kazi.

"Na mke wangu akishikwa na uchungu wewe umelala?" aliuliza Lugoye, mtu mbishi.

"Ndiyo maana nataka wenzangu. Ukiniita nimechoka hivi, Lugoye, wewe na mkeo mtajuta."

Wanawake wawili walijitokeza palepale, na Nyanzala akakaa nao siku kadhaa akiwafundisha. Lakini lile furushi hakulifungua. Alilibeba kichwani akaenda kwa kaka yake.

Itobola iliingiwa na hofu. Wale wanawake wawili walizalisha wakitetemeka, na mara nyingi mtu alisimama akasema, "Twendeni tukamlete." Kila mara Kapela aliwazuia, na yeye ndiye aliyekuwa na upweke kuliko wote. Alizoea madonge yake, akala peke yake, akamkumbuka mkewe mpaka akakonda.

Miti ilipochanua tena, Nyanzala akaonekana njiani, furushi kichwani, anacheka na watoto waliomkimbilia. Kapela alimpokea mzigo.

"Ulisema hurudi," alimwambia baadaye.

"Nilisema kweli."

"Sasa kimekurudisha nini?"

"Nilikuwa natazama njia kila siku, naogopa mtakuja kunichukua," Nyanzala alisema. "Hamkuja. Nikalala, nikalala, mpaka asubuhi moja nikaamka nawatamani watoto wenu."

Akaishi Itobola mpaka uzeeni, na waliozaliwa mikononi mwake walizalishwa watoto wao na wanafunzi wake.

Kwa hiyo mjomba wenu hakuwa anamkemea mtu. Anampenda Milembe, na ameona kicheko kimeanza kupungua, akaogopa. Wako wanaokombwa na wenzao, Milembe unayenisikiliza hapo mlangoni, na wako wanaojikomba kwa mikono yao wenyewe, wakidhani ndiyo bidii. Mkomba mzinga huhamwa na nyuki.