Kiboko Aliyehesabu Nguo za Watu

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na mto.

Mto una nini?

Una macho.

Macho ya nani, bibi?

Tulieni basi niwaambie, na atakayesinzia nampaka masizi.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzi, wanyama wote walikuwa na simu. Usiniulize umeme waliupata wapi. Ulipokula wali mchana, uliuliza moto kauwasha nani? Walikuwa nazo. Swala anayo, Ngedere anayo, Kobe anayo, ila yake inachelewa kufunguka. Ukipata mtoto, unaposti. Ukipata upele, unaposti. Ndugu wa mbali wanaona, wanakupa hongera au pole, maisha yanakwenda.

Na pale kivukoni palikuwa na duka, moja tu, la Bwana Kiboko. Duka la kila kitu: kamba, sabuni, sufuria, dawa ya kikohozi, na kanga za kila namna zimefungwa robota. Bei haikuandikwa popote. Unaingia, mnapatana. Na kupatana kuna adabu yake, mnaijua. Kitu ukikitaka sana, unakishika kwa ncha za vidole kama kinanuka. Unasema, "Mh, na rangi yenyewe hii." Muuzaji akitaja bei, unacheka. Unatoka. Unapiga hatua moja, mbili, tatu. Anakuita. Unarudi kwa kujivuta. Ndivyo walivyouziana tangu enzi za mababu, na hakuna aliyerudi nyumbani na kinyongo.

Lakini Kiboko alikuwa na lake. Simu yake kubwa kama sinia aliiegemeza kwenye jiwe ukingoni, mwenyewe kajizamisha, yamebaki juu macho mawili, masikio mawili na pua. Kwa pua anapangusa kioo. Fyu. Fyu. Anasoma ya kila mtu.

Upepo ukaezua paa la Ngedere. Ngedere akaposti picha. Fyu, Kiboko kaona. Ngedere akaja dukani, akaishika kamba kwa ncha za vidole, akasema, "Mh, kamba yenyewe nyembamba." Akatoka. Hatua moja, mbili, tatu. Hakuitwa. Akapiga ya nne. Akageuka mwenyewe.

"Vikapu vitatu vya mtama," akasema Kiboko.

"Jana ilikuwa kimoja."

"Jana ulikuwa na paa."

Mtoto wa Swala akashikwa na kikohozi. Swala akaposti, "Mniombee mwanangu." Fyu, Kiboko kaona. Swala akaja, akaishika chupa ya dawa kwa ncha za kwato, akatoka. Moja, mbili, tatu. Hakuitwa. Akarudi.

"Vikapu vinne."

"Vinne vya nini, Bwana Kiboko?"

"Mtoto hajalala siku tatu. Au amelala?"

Swala akalipa huku machozi yanamlengalenga. Wanyama wakasema Kiboko anaota ndoto za kweli. Wengine wakasema ana jini majini. Hakuna aliyesema ana simu, maana simu kila mtu anayo.

Sasa ng'ambo ya kivuko aliishi Bi Kalunguyeye, mjane, mdogo kama andazi, miiba tele mgongoni. Mali yake ilikuwa shamba la viazi vitamu kando ya mto, na binti yake, Mwanamiba. Shamba hilo ndilo lililomlea binti. Na binti sasa kaposwa na kijana wa ukoo wa Nungunungu, watu wa kilimani, watu wa midomo. Arusi Ijumaa. Nazi zinakunwa, mchele umepetwa, kuni zimepangwa. Kimebaki kitu kimoja: kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe. Bibi arusi asipofunikwa kisutu, basi wakwe wa kilimani watalisema jambo hilo mpaka kwa vitukuu.

Kwa furaha yake Bi Kalunguyeye akaposti: "Ijumaa namwoza mwanangu. Kila kitu tayari, bado kisutu tu." Dada zake wakampigia vigelegele vya simu.

Fyu. Kiboko kaona.

Jumanne Bi Kalunguyeye akaenda dukani, tiki tiki tiki. Akakishika kisutu kwa ncha za vidole.

"Mh. Nyekundu yenyewe imepauka."

"Iache," akasema Kiboko.

Akatoka. Moja, mbili, tatu. Hakuitwa. Akapiga ya nne. Akarudi.

"Haya, unataka kikapu cha viazi? Ndiyo bei yake siku zote."

"Nataka shamba la viazi. Lote, mpaka mtoni. Nimechoka kula nyasi."

"Bwana Kiboko, unanitania."

"Ijumaa si mbali, mama. Na wale wakwe zako wa kilimani nawajua midomo yao."

Bi Kalunguyeye akamtazama. "Nani kakwambia Ijumaa?"

"Wewe. Umeposti mwenyewe."

"Niliwapostia ndugu zangu wafurahi nami. Sikuposti wewe unipimie kamba ya shingo."

"Aliyeanika nguo zake nje," akasema Kiboko, "asinung'unike majirani wakizihesabu."

"Nguo huanikwa zikauke, Bwana Kiboko. Hazianikwi zihesabiwe."

"Mimi na macho yangu, wewe na kamba yako. Shamba, au binti aende amefunikwa gunia."

Bi Kalunguyeye akajikunja, akawa mpira, miiba nje, machozi ndani. Akajiviringisha hivyo hivyo mpaka kwake.

Jumatano wanawake walikuja kutwanga. Bi Kalunguyeye alipokea mchi, akawaambia, "Simu ziwekeni ndani ya mtungi. Nina neno, na nitalisema kinuni."

Tu, tu, tu. Mchi unapanda, maneno yanapita chini yake. Akawaeleza yote.

"Kumbe," Ngedere akasema. Tu, tu. "Na mimi nilidhani ana jini."

"Mimi nilijua wanaosoma ni dada zangu," akasema Swala.

"Lakini kwani tuliweka mlango?" akauliza Kobe, ambaye hupenda kupima jambo kila upande. "Yeyote anaingia."

"Sebule yangu haina kufuli mchana," akasema Bi Kalunguyeye. "Utaingia, utakaa, utanisalimu. Utafunua sufuria zangu?"

"Sitafunua, mwenzangu."

"Basi. Yeye anafunua. Tumpikie."

Tu, tu, tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chungu ya vifuu, yale maganda magumu ya nazi zilizokunwa kwa ajili ya wali wa arusi. Bi Kalunguyeye akavitazama. Miiba ikamlala mgongoni, na miiba yake hulala anapocheka.

Jioni ile ile Swala akaposti picha ya mtoto wake kalala, kichwani kavaa kifuu kama kofia. Chini kaandika: "Tangu avae hiki, hakohoi." Ngedere akaposti: "Natafuta vifuu vya kuezekea. Nitatoa chochote nilicho nacho." Kobe akaposti, ikachelewa kufunguka, ikafunguka: "Bila kifuu sina raha." Binamu zao wakaona wenzao wanatafuta, wakatafuta na wao, bila kujua wanatafutia nini. Mpaka Mbayuwayu, ambaye hajawahi kuwa na kichwa cha kuvaa kitu, akaposti anataka viwili.

Bi Kalunguyeye hakuandika neno. Aliposti picha ya uwanja wake tu, na pembeni, kama kwa bahati mbaya, chungu ya vifuu.

Fyu, pua juu ya kioo. Fyu, fyu, fyu. Kiboko alisahau hata kupumua, akapaliwa na maji. "Wote wanavitaka," akasema. "Na yule mwanamke hajui amekalia nini."

Alhamisi asubuhi, gudu, gudu, gudu, ardhi inatikisika.

"Hodi, Bi Kalunguyeye."

"Karibu, Bwana Kiboko. Leo umetoka majini."

"Napita tu."

Bi Kalunguyeye alikuwa kakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi za mwisho. Kiboko akazunguka uwanja, akaangalia mawingu, akaangalia kuku, kisha akaokota kifuu kimoja kwa ncha za vidole.

"Mh. Takataka gani hizi?"

"Takataka kweli, baba. Vifuu. Nangoja vikauke nivichome."

Kiboko akacheka moyoni. Anapatana huyu, akawaza. Mjuzi.

"Nikivizoa? Nakupa mche wa sabuni."

"Sabuni ya nini? Chukua bure, utanisafishia uwanja."

Bure. Kiboko akasita. Tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu akitoa bure kitu kinachotafutwa na Swala, Ngedere na Kobe. Bure ndiyo bei kali kuliko zote; huyu anajua. Akageuka, akatoka. Hatua moja, mbili, tatu. Akangoja kuitwa.

Kwaru, kwaru, kwaru, nazi inakunwa.

Akapiga ya nne. Kwaru, kwaru. Akarudi mwenyewe.

"Kisutu. Kisutu kwa vifuu vyote."

"Bwana Kiboko, nakuapia mbele ya binti yangu, vifuu hivi havina kazi."

"Kisutu, na doti mbili za mama wa bibi arusi."

"Utajuta, baba. Ni kuni tu hizi."

"Robota zima la kanga. Na shamba lako silitaki tena, kaa nalo, mwanamke mgumu wewe."

Mbuzi ikanyamaza.

"Mwanamiba, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi kabla hajazoa hata kimoja, robota lije hapa."

Likaja. Kiboko akabeba vifuu, kong'o, kong'o, kong'o, safari saba, mpaka duka likajaa, na sufuria zikatupwa nje. Akaketi mlangoni akingoja.

Ngedere akaja kununua chumvi. "Kifuu hutaki?" Ngedere akakishika kwa ncha za vidole. "Mh, vifuu vyenyewe hivi." Akatoka. Moja, mbili, tatu. Kiboko hakumwita. Nne, tano, kumi, Ngedere huyoo, kapotea mtini. "Anajua kupatana," akasema Kiboko. "Atarudi."

Swala akaja. "Kifuu?" "Mh, sina haja." Moja, mbili, tatu, kapotea majanini. "Huyu naye anajua kupatana."

Kobe akaja. "Kifuu?" "Hapana, ahsante." Akatoka. Hatua zake tatu zilichukua muda wa kuchemsha maharage, na Kiboko akazihesabu zote kwa matumaini.

Ijumaa mchana vikasikika vigelegele. Kiboko akaenda mbio, gudu gudu gudu, akaingia katikati ya arusi na kifuu mkononi. Mwanamiba kafunikwa kisutu, kapendeza, na wakwe wa kilimani wametafuta cha kusema wakakosa, wanakula tu. Wanawake wote sare, kanga za robota moja.

"Nyinyi mliandika," akasema Kiboko. "Wewe Swala. Wewe Ngedere. Mnataka vifuu. Nimesoma kwa macho yangu."

Mkwe mkubwa, mama yake kijana, akauliza kwa sauti ya watu wa kilimani, "Kwani huyu bwana ndiye aliyekuwa akitusoma sisi sote?"

Kiboko akafungua mdomo, wazi kabisa, hakikutoka kitu.

"Mimi nilikwambia nini, Bwana Kiboko?" akasema Bi Kalunguyeye polepole. "Nilikwambia takataka. Nilikwambia kuni. Nilikwambia utajuta. Ukaacha mdomo wangu ulio mbele yako, ukaamini kioo. Nguo zilikuwa zimeanikwa, ukazihesabu. Umekosea hesabu. Kosa la mwenye nguo?"

Alicheka nani kwanza sijui. Kiboko alirudi kinyumenyume mpaka mtoni. Chubwi.

Na mpaka leo, ukipita mtoni, utaona macho mawili na masikio mawili. Anachungulia bado, tabia haina dawa. Mara moja moja huachama mdomo mpana, amekumbuka jibu la kumpa yule mkwe, halafu linampotea. Na kalunguyeye, mguse tu kumuuliza habari zake: anajikunja, mpira, akuambie nini.

Sasa funzo, wajukuu zangu, shikeni funzo. Msiseme uongo. Mwongo mwisho wake mbaya. Angalieni Bi Kalunguyeye: alidanganya, na yaliyompata mmeyaona. Alimwoza binti, akabaki na shamba, akavaa kanga mpya mpaka akazeeka. Mnataka yawapate hayo?

Tunataka, bibi.

Basi hamjasikia kitu. Ngano yangu nimeianika, ikikauka ikunjeni mwende nayo. Ila msiihesabu.