Aliyeondoka Si Aliyetutoka

"Aliyeondoka si aliyetutoka." Mmemsikia bibi yenu akiisema, mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na mkome kunikatiza. Chanzo chake ni mwanamke mmoja wa Muheza, jina lake Mwanaidi.

Mumewe, Semboja, alikuwa amelazwa hospitali Dar es Salaam, amepasuliwa tumbo. Wiki tatu zikapita bila habari. Asubuhi moja, siku ya Jumatano, ikaja simu ya maandishi, kwa Kiingereza: SEMBOJA LEFT HOSPITAL TUESDAY. Enzi hizo simu ikifika kijijini, watu walianza kulia kabla haijafunguliwa. Akaitwa Mwalimu Hozza, ambaye peke yake ndiye aliyeijua lugha hiyo. Akaisoma, akainamisha kichwa.

"Poleni sana. Semboja ametutoka Jumanne, hukohuko hospitali."

Loo! Nyumba nzima ikawa kilio. Kilua, kaka yake Semboja, akaagiza majamvi yatandikwe, kisha akamfungua ng'ombe wa maziwa wa Mwanaidi, naye hakuwa na mwingine, achinjwe kwa matanga. Mwanaidi akaambiwa aingie ndani akae eda.

Hakuingia. Moyo ulimkatalia katakata. Semboja afe, halafu waandike maneno manne tu, bila hata kusema maiti iko wapi?

"Mwalimu," akauliza, "neno la kufa ni lipi hapo?"

"Hili hapa, left."

"Maana yake ni kufa?"

Mwalimu akakohoa. "Maana yake hasa ni aliondoka. Mahali pengine ni kushoto. Lakini mama, mtu mzima hatusemi amekufa, twasema ametutoka. Na Wazungu nao wana adabu zao."

"Adabu hizo umewapa wewe! Neno lenyewe asili yake nini?"

"Linatokana na leave. Jambo likishapita, linageuka left."

"Livu?" Mwanaidi akasimama wima. "Livu hii ya makarani wa mkonge, wanaokwenda kwao likizo wakarudi wamenenepa?"

"Eeh... hazipishani sana," akasema Mwalimu, jasho likimtiririka.

"Shemeji Kilua, mrudishe ng'ombe wangu zizini! Mume wangu karuhusiwa."

"Maskini, msiba umemvuruga akili," Kilua akawaambia watu.

"Akili ninazo, shemeji, tena timamu. Ole wake atakayemgusa ng'ombe yule! Mimi nakwenda stesheni kumpokea mwenye nyumba."

Akaenda peke yake, kajitanda khanga nyekundu aliyoitunza kwa sikukuu. Watu njiani wakampa pole, naye akawajibu, "Pole ya nini?" Adhuhuri treni ya kutoka Dar es Salaam ikaingia. Mabehewa mawili yakateremsha watu wote, Semboja hayumo. La tatu, huyo akashuka, kakonda, kashika tumbo, mzima wa afya.

Wakarudi nyumbani polepole, Mwanaidi kabeba mzigo. Semboja alipoona watu wamejaa uani, wengine macho mekundu, alishtuka.

"Jamani! Nani ametutoka?"

Hapo ndipo Mwanaidi, ambaye hakuwa amedondosha chozi tangu asubuhi, alipokaa chini akalia kwa kwikwi. Kilua akaangalia pembeni. Mwalimu Hozza ndiye aliyejongea, akamshika Semboja mkono.

"Hakuna, ndugu yangu. Kosa ni langu. Aliyeondoka si aliyetutoka."