Blanketi Lililosahauliwa Tanurini

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana ni ya majuzi tu, watu walipokwisha kujifunza kuweka nguvu ya jua akiba, palikuwa na zahanati milimani Upare. Zahanati hiyo ilikuwa na betri ya matangi mawili ya maji yenye madini ya vanadi, moja la zambarau, moja la njano. Katikati palipangwa mablanketi membamba meusi ya kaboni. Maji yakipita humo, umeme unaingia au unatoka.

Lakini betri ilikuwa goigoi. Maji yaliteleza juu ya mablanketi kama mvua juu ya jani la mgimbi. Ukungu ukificha jua siku mbili, friji ya chanjo inazimika, na watoto wanarudishwa nyumbani bila kuchanjwa.

Namkunda, muuguzi mkuu, akachoka kuwarudisha. Akasema, "Atakayeiponya betri hii, nitamvutia waya wa umeme mpaka kwake. Waya mmoja tu, betri haiwezi miwili."

Basi. Nakiete, mwoka mikate, ndiye aliyepewa kazi ya kufua mablanketi na kuyakausha. Msimu wa ukungu huko nguo hazikauki, kila mtu hukausha vitu tanurini mikate ikishatoka. Akaweka blanketi moja. Mara baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja, likalia, kijiji kizima kikazibue mfereji. Nakiete akatupia kuni tanuri lisipoe, akaenda, akasahau. Aliporudi, blanketi limekuwa jepesi na kingo zimeliwa na moto. Aibu ikamshika. Akalificha katikati ya mengine, akanyamaza. Kama kuna asiyewahi kuficha kitu alichokiunguza, anyooshe mkono. Haya, tuendelee.

Elinami, fundi wa betri, akaziona zile kingo. Kanuni ilisema kilichoharibika kitupwe. Lakini mkono wake mdadisi ukalidondoshea tone la maji, na tone likazama papo hapo. Akashangaa. Akalipanga pamoja na mengine, akapima, na sehemu ile ikatoa umeme mwingi kuliko zote.

"Kwa nini?" akauliza Namkunda.

"Sijui, dada. Bahati."

Mchome, mwalimu mstaafu wa kemia, hakuamini bahati. Akachukua vipande vya mablanketi mapya, ajaribu kuvifanya vinywe maji. Akaloweka kwenye siki, wapi. Akaloweka kwenye magadi, wapi. Akaanika juani, wapi. Siku arobaini. Kila asubuhi Nakiete alimpelekea mkate, akamwona anavyohangaika, na roho ikamuuma. Siku ya arobaini akasema, "Mwalimu, lile blanketi niliunguza mimi."

Mchome akaweka kikombe chini. Siku hiyohiyo wakawasha tanuri. Moto mdogo, hakuna kitu. Moto mkali, majivu. Moto wa kadiri, kwa saa tano, hewa ikaikwaruza kaboni na kuiachia oksijeni, na maji yakaingia bila kubembelezwa. Mablanketi yote yakaokwa. Ukungu ukaja siku nne mfululizo, na friji haikuzimika.

Wote watatu wakaenda kwa Namkunda.

Nakiete akasema, "Tanuri ni langu, moto ni wangu, kosa ni langu. Na nilisema nikijua nitafukuzwa. Macho yangu yanakwisha kwa moshi, nataka feni ya kuutoa."

Elinami akasema, "Mimi kanuni iliniambia tupa, nikakataa. Ningelitupa, mngekuwa mnazungumzia nini leo? Nataka kuendesha drili yangu."

Mchome akasema, "Wao walikuwa na kitambaa kimoja kilichoungua. Mimi nimewapa njia ya kuponya vitambaa vyote. Nataka mashine ya kutotolesha vifaranga." Kisha akamgeukia Nakiete. "Na zile siku arobaini, mama, watoto walikuwa wakirudishwa. Ulikuwa unajua."

Nakiete akainama. "Nilikuwa najua. Lakini wewe, mwalimu, ulitupitia wote ukiuliza? Mimi nilikuja kwako kila asubuhi. Hukuniuliza hata siku moja."

Elinami akatazama viatu vyake, maana naye aliziona kingo zilizoungua na hakumwambia mtu.

Namkunda amesimama mlangoni na waya wake begani. Njia ni tatu, na waya ni mmoja. Haya, wenzangu, mimi nimeshindwa. Je, nani alistahili kuvutiwa waya?