Bwana Buku na Jino Lisilopona

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au wanaosinzia? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Haya, sasa nimewasikia. Siwema, shika sahani hii ya korosho, ifunike kawa, uwagawie wenzako hadithi ikiisha. Ikiisha, nimesema. Tulieni basi."

Hapo zamani za kale, kabla babu yake babu yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na mji mdogo uitwao Vichakani. Wanyama wa Vichakani walikuwa na adabu, adabu mpaka inakera. Mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi. Mgeni akikaa mwaka mzima, humuulizi anaondoka lini.

Kila baada ya mavuno waliweka akiba yao ya mtama katika kihenge kimoja cha mji. Kihenge mnakijua? Ni ghala la fito, limekandikwa udongo, limepandishwa juu ya mawe, na mfuniko wake wa nyasi umekaa kama kofia. Unaweka kidogo kidogo, kiangazi kikija unachukua chako. Siku ya gulio mfuniko ulifunuliwa, kila mmoja akachungulia, akaona mtama umejaa mpaka mdomoni, akaenda zake anapiga mluzi. Kuchungulia juu ilikuwa ruhusa. Kutia mkono mpaka chini, astaghfirullahi! Hiyo ilikuwa sawa na kumwita mtunzaji mwizi mbele ya wakwe zake.

Na mtunzaji alikuwa nani? Panya buku. Bwana Buku mwenyewe, na koti lake, na miwani yake isiyo na vioo. Walimchagua kwa sababu alijua kusalimia. Alisalimia wakubwa, alisalimia wadogo, alisalimia hata vifaranga.

"Bibi, panya ndiye alinde mtama?" akauliza Kibwana.

Ndiyo, mjukuu wangu. Na usicheke, wewe juzi ulimwachia paka samaki.

Sasa katika mji ule aliishi Bi Kwale, mjane, mwenye vifaranga wengi na kitinda mimba mmoja, Kipusa, mwenye miguu myembamba kama njiti. Kiangazi kilichopita Bi Kwale alimzika kifaranga aliyekufa kwa njaa. Hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Kwa hiyo mwaka huu alijinyima. Akiokota punje tatu, mbili anaweka akiba. Anapeleka kihengeni, anarudi na njaa yake, analala.

Siku moja alipeleka mtama wake, akamkuta Bwana Buku mlangoni, mashavu yamevimba huku na huku.

"Hodi, Bwana Buku. Habari za tangu juzi?"

"Mmh," akasema Bwana Buku.

"Una nini, ndugu yangu?"

Bwana Buku akaonyesha shavu kwa kidole, akafumba macho kwa uchungu.

"Jino! Ooh, pole sana. Pole mno."

Bi Kwale akamwonea huruma, akampa karafuu aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la nguo yake. Akamimina mtama wake. Na alipokuwa akigeuka, Kihenge kikaimba, kwa sauti nyembamba:

"Kofia ninayo, kanzu sina,
baridi yaingia tumboni mwangu!"

"Kinasema nini?" akauliza Bi Kwale.

Bwana Buku akameza kitu, gubu! Akafuta midomo. "Kinajisifia kofia yake, Bi Kwale. Kikishiba huwa kinaimba."

Bi Kwale akaona ni sawa. Mwenye kushiba huimba. Akaenda zake.

"Mwizi huyo!" akapiga kelele Kibwana.

Nani anasimulia, mimi au wewe? Nyamaza.

Gulio lililofuata mji mzima ulikuwepo. Mfuniko ukafunuliwa, mtama huo, mweupe, umejaa pomoni. Bwana Buku alisimama kando, mashavu yamevimba kuliko mwanzo. Watu wakamletea magome ya kuchemsha, majani ya kusukutua, na Ngiri, ambaye meno yake yako nje na anajiona bingwa wa meno, akamletea kamba ya kuling'oa. Bwana Buku akakataa kwa kichwa. Kihenge kikaimba, safari hii kwa nguvu:

"Kofia ninayo, kanzu sina,
baridi yaingia tumboni mwangu!"

"Maskini!" akasema Ngiri. "Kihenge chetu kinaona baridi. Na sisi tumevaa manyoya, hatuna hata haya!"

Unadhani walifanya nini? Waliinama kutazama chini? Thubutu! Walikishonea kanzu. Walisuka mkeka mkubwa, wakakizungushia Kihenge kuanzia shingoni mpaka kwenye mawe, na kila mmoja akatoa konzi ya mtama kuwa ahsante kwa Bwana Buku anayelinda mali huku anaumwa. Na kule chini, nyuma, palikuwa na tundu. Tundu la kutosha panya mmoja mnene. Mkeka ukalifunika vizuri kabisa.

"Wajinga hao!" wakasema watoto.

Si wajinga. Wana adabu. Wakati mwingine vinafanana.

Kiangazi kikaingia. Kiangazi kikali, ardhi ikapasuka, nyasi zikawa vumbi. Vifaranga wa Bi Kwale walilia, kisha wakachoka kulia. Kipusa alilala ubavu, haombi chakula, anamtazama mama yake tu. Bi Kwale akainuka. Akakimbia mpaka kihengeni.

"Bwana Buku, nimekuja kuchukua changu."

"Mmh."

"Mwanangu anakufa, Bwana Buku. Nipe changu. Au basi nifunulie nione, mpaka chini."

Lo! Mji mzima ukasimama. Mpaka chini! Kobe akaingiza kichwa ndani kwa aibu. Ngiri akasema, "Bi Kwale, wewe ni mtu mzima. Unamtilia shaka mgonjwa wa jino? Njoo kesho, kwa heshima, na sote tutakuja."

Bi Kwale akaona haya. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na usiku kucha alimfunika Kipusa kwa bawa, akilia kimya kimya, akijilaumu kwamba aliona haya mbele za watu kuliko kuona njaa ya mwanawe.

Asubuhi akaamka, akambeba Kipusa mgongoni, akaenda. Safari hii hakubisha hodi. Akawakuta wenzake wote wamejaa, maana njaa haikuwa ya kwake peke yake. Akapita katikati yao, akaanza kuparua mkeka kwa miguu, paru, paru, paru!

"Bi Kwale, adabu!"

"Adabu nimeiacha nyumbani, imelala na njaa," akasema Bi Kwale. Paru, paru!

Mkeka ukachanika. Na palepale kikapita kimbunga cha kiangazi, kile kidogo kinachozunguka na vumbi. Kihenge kilichojaa mtama, kimbunga kama hicho kitakifanya nini? Hakitakitikisa hata kofia. Lakini Kihenge kile kikainuka kwenye mawe, kikayumba, kikaanguka, kikabiringika kilimani, biringi biringi, kinaimba kwa furaha, "Nilisema mimi! Nilisema mimi!" Kofia ikaruka. Konzi chache za mtama zikamwagika. Kisha makapi. Makapi, makapi, makapi, mpaka jua likafifia.

Wote wakamgeukia Bwana Buku. "Mtama wetu uko wapi?"

"Mmh," akasema Bwana Buku, akaonyesha shavu.

Lakini makapi yalikuwa yanapeperuka, yakamwingia puani. Bwana Buku akakunja uso. Akaziba pua. Akaruka mguu mmoja. "Ha... ha... HACHIA!"

Punje zikaruka kutoka kinywani mwake kama mvua ya mawe. Zikampiga Ngiri usoni, zikagonga gamba la Kobe, kwa kwa kwa, na nyingine zikaanguka mbele ya Kipusa. Kipusa akainua shingo, akadonoa moja. Akadonoa ya pili. Bi Kwale akakaa chini, akacheka na kulia pamoja.

Walifukua shimo alimolala Bwana Buku, wakapata mtama uliobaki, maana mwingi alikwisha kuula. Wakamwamuru aubebe kwa mashavu yaleyale, mlango hadi mlango, akitema mbele ya kila nyumba na kusema, "Hiki ni chako." Hakuna aliyepata chake chote. Lakini kilitosha kufikia mvua, na mwaka ule Bi Kwale hakuzika mtu.

Ndiyo maana mpaka leo buku hutoka usiku tu, asikutane na mtu wa kumsalimia. Na kwale, hata umwagie mtama safi uwanjani, ataparua kwanza aone chini kuna nini. Nanyi, anayewatunzia chenu mwambieni awafungulie mpaka chini. Mwaminifu atafungua, tena atawashikia taa.

Hadithi yangu imeishia hapo, makapi nimepeperusha, mtama nimewaachia.

"Haya, Siwema. Wagawie wenzako korosho."

"Mmh," akasema Siwema.

"Una nini, mwanangu?"

Siwema akaonyesha shavu kwa kidole. Watoto wote wakamrukia kwa kicheko, na Kibwana akawa wa kwanza kutia mkono mpaka chini ya sahani.