Mwanzi wa Bwana Fisi

Paukwa!
Pakawa.
Mmeitika kama mnaoumwa meno. Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na ghala!

Haya, ghala la milango saba, na mwenyewe ni Bwana Fisi, mkubwa wa ulinzi. Aliwaambia wanyama, "Leteni vyakula vyenu niwalindie." Wakaleta. Ulezi ukaingia, njugu mawe zikaingia, kumbikumbi wa Bi Sange wakaingia. Bi Sange ni yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu utadhani kaazima ya ndugu yake. Kuingia viliingia, ila kutoka havikutoka. Fisi ndiye aliyekula: asubuhi anatafuna, mchana anatafuna, jioni anajilamba.

Kila mlango ulikuwa na Ngiri wake. Fisi akapitisha mwanzi mmoja kutoka kitini pake hadi milango yote. Akinena humo, vuuu! Ngiri hujibu, "Amri imefika!" na kutenda. Siku ya kwanza Ngiri mmoja aliuliza, "Nani mwenzangu?" kama mtu aliyepigiwa hodi. Fisi akawachapa wote saba. "Amri haiulizwi nani!" Tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Basi kiangazi kikakaza. Watoto watatu wa Bi Sange walikuwa siku ya pili hawajatia kitu mdomoni, na mama yao moyo ukamuuma sana. Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee. Naomba kumbikumbi wangu, konzi moja tu. Wanangu wana njaa."

"Marahaba. Kumbikumbi hawatoki. Nje si salama."

"Haya. Lakini mzee, mwanzi wako ulikuwa mrefu, hukuukata. Umetokeza nje nyuma ya ukuta. Mtu akinena kule, Ngiri watasikia."

"Nani atapiga magoti nyasini anong'one na ukuta? Hebu nipishe nile."

Bi Sange alimwambia kwa nia njema, tena kwa adabu. Alipotoka aliwafikiria wanawe, akazunguka nyuma, nyatu nyatu nyatu. Yeye kupiga magoti wala hakuhitaji. Pua iliingia mwanzini kama kidole kwenye pete.

Vuuu! "Fungueni milango!"

"Amri imefika!" Kwacha, kwacha, kwacha, mpaka wa saba.

Vuuu! "Kila mtu apewe chake!"

"Amri imefika!"

Fisi akatoka mbio, mdomo umejaa njugu. "Fungeni! Mimi ndiye mkubwa wenu!"

Ngiri wakatazamana. Maneno hayo hayakupita kwenye mwanzi.

Vuuu! "Huyo anayepiga kelele, mtoeni!"

"Amri imefika!" Wakambeba juujuu, pu! kwenye miiba. Fisi akauliza huku akilia, "Lakini nani kasema?"

Ngiri mkubwa kuliko wote akamjibu kwa upole, "Mzee, ulituchapa tusiulize."

Watoto wa Bi Sange walikula kumbikumbi hadi wakashindwa kucheka, na mama yao akakaa akiwatazama, roho yake kwatu.

Ngano imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi. Na mafunzo yake? Ukiambiwa ukuta wako una tundu, usilizibe. Mfukuze aliyekuambia, kisha ongeza mlango wa nane.